Kipenzi cha Mfalme Kiboko

Kule Misri ya kale, wajukuu zangu, mfalme Kiboko alifariki. Mbweha, fundi wa maiti, akamfukia kwenye magadi hadi akakauka, akamviringisha sanda ya kitani. Siku ya maziko akatangaza, "Mila ni ile ile. Kipenzi cha mfalme ataingia naye kaburini akamtumikie huko, kisha tunaziba mlango."

Macho yote yakamgeukia Nyani, aliyekuwa akimwambia mfalme kila asubuhi, "Bila wewe, bwana wangu, siishi hata siku moja."

Nyani akatazama huku na huku. Akamwona Punda, mbeba mawe, amesimama nyuma na mgongo wake wa vidonda.

Nyani akapaza sauti, "Jamani, hamjui? Mfalme alipokuwa anakata roho alimtaja Punda. Alisema hakupenda mwingine kama yule."

"Mimi?" Punda akauliza. "Alinitaja kwa jina, kaka Nyani?"

"Kwa jina, ndugu yangu."

Mbweha alikuwa ameshika kamba ya kumfunga, lakini haikuhitajika. Punda aliingia mwenyewe, machozi ya furaha yakimtoka. Walipokuwa wanapaka tope mlangoni, sauti yake ikasikika kutoka ndani.

"Asante, kaka Nyani. Usingeniambia, ningekufa sijui kama nilipendwa."