Koki ya Kushoto

Bwana Saa alikuwa amefungua dirisha tena. Nje baridi inakata masikio, maji ya ndoo pale uani yameganda, na yeye yuko ghorofa ya juu kabisa, kavaa fulana ya ndani tu, ameegemea dirisha anapiga mluzi.

Fundi alimtazama kutoka uani, beleshi mkononi. "Jeuri ya namna gani hii?" alinung'unika. Akatema mate pembeni, akashuka ngazi za nyuma kwenda kwenye boila lake.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kulilisha makaa lile dude la chuma ili lipashe maji, na maji yapande kwa mabomba kwenda kuwatia joto wapangaji vyumbani. Mwaka huo makaa yalipanda bei. Mwenye nyumba akashuka mwenyewe, leso puani, kutoa amri. Makaa yapunguzwe nusu. Vyumba vitupu vifungiwe koki. Watu wavae masweta, wazibe nyufa za milango kwa matambara, walale mapema.

"Na yule fundi saa wa juu," aliongeza kwa sauti ya chini, "anapanga kwa masharti ya enzi za babu yangu, siwezi kumtoa. Ila akihama kwa hiari yake, nyumba ile ni yako wewe na familia yako. Unanielewa?"

Fundi alielewa sana. Yeye na mkewe na watoto walibanana kwenye chumba kimoja, mtaa wa mbali. Na mlango uliotazamana na wa Bwana Saa ulikuwa wa mama yake mzazi. Mama kazeeka, yuko peke yake, kifua chenyewe kibovu. Wakihamia pale, mkewe atamwangalia kutwa. Sasa kwa ajili ya mama, mtu atashindwa kufunga koki? Moyo ulimsuta, hatukatai. Ulimsuta siku moja.

Kule juu, ukipanda ngazi kutoka barabarani, mlango wa Bwana Saa uko kushoto, wa mama uko kulia. Huku chini, ukishuka kutoka uani, unakutana na mabomba mawili ya ghorofa ile yamesimama bega kwa bega ukutani. Hayana alama. Mzee aliyemtangulia kazini aliyajua kwa kichwa, akafa nayo kichwani. Fundi akashika koki ya kushoto, akaikaza mpaka mwisho.

Tangu hapo hakukanyaga tena ghorofa ile. Angemtazamaje mzee wa watu mlangoni? Hata shikamoo ingemkwama kooni.

Bahati nzuri mama ndiye aliyekuwa akishuka. Zamani alikuja mara mojamoja na chupa ya chai. Sasa ikawa kila siku, chai au bila chai. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa boila, shali mbili mabegani, hana haraka ya kuondoka.

"Mama, unaumia bure na hizi ngazi."

"Nakuja kukuona, baba. Ni kosa?"

"Huko juu wanalalamika?" Fundi aliuliza, akimfikiria Bwana Saa.

"Watakosa kulalamika? Ila wewe fuata alichosema tajiri wako. Usimpendelee mtu, hata mimi. Watu wana macho."

Fundi alicheka. Mama na haki zake! Jioni alimsimulia mkewe jinsi bibi yule anavyompenda, hawezi kumaliza siku bila kumwona mwanawe. Alisimulia kwa majivuno kabisa.

Bwana Saa naye, badala ya kufungasha virago, akanawiri. Mara anamwagilia maua, mara anapiga mluzi. Aliyekohoa ni mama. Kilianza kikohozi cha kawaida, kikageuka cha kumkunja mtu mpaka magotini. Fundi alijua tatizo ni nini: ngazi, na vumbi la makaa. Basi jana alimjia juu.

"Mama, sitaki kukuona tena huku chini. Hili vumbi litakuua! Una nyumba yenye joto, kaa ndani, upumzike kama wazee wenzako. Ukishuka tena tutakosana."

Mama alimtazama.

"Haya, baba," alisema. Akajikusanya na shali zake, akapanda taratibu akishika ukuta.

Leo hakushuka. Afadhali, Fundi alijisemea, mara hii amesikia. Alichukua spana akaikaza tena ile koki ya kushoto, ingawa haikuwa na pa kwenda. Kisha akaongeza beleshi moja la makaa kwa siri, si kwa ajili ya wapangaji, bali mama alale vizuri.

Ndipo akasikia hatua zikishuka kutoka uani. Alikuwa Bwana Saa, na fulana yake ileile, jasho likimtoka.

"Shikamoo, mzee." Leo ilitoka bila kukwama.

"Marahaba, kijana wangu. Nimekuja, maana yamenishinda."

Moyo wa Fundi uliruka kwa furaha. Aliweka spana chini, akapangusa mikono ili aonekane mtu wa heshima. "Yamekushinda nini, mzee wangu?"

"Hili joto. Punguza, baba, silali. Nimemwambia mama yako aje akae kwangu, maana kwake kule ukuta unatoa maji kwa baridi, akakataa, eti watu watasema nini. Sasa tangu asubuhi namgongea na kumgongea, haitikii. Hebu njoo na ufunguo."