Ngazi za Nyumba Kumi na Mbili

Rudayna alibandika mchoro wa ngazi kwenye kioo cha dirisha la ofisi, akaweka juu yake mchoro wa nguzo na boriti. Jua la Amman likapenya karatasi zote mbili, naye akashtuka. Boriti ilikatiza ngazi usawa wa paji la uso.

"Bosi, watu watagonga vichwa! Nyumba zote kumi na mbili!"

"Binti yangu, mkandarasi anachukua michoro saa sita. Mwaka mzima tumechora, leo ndiyo unaniambia?"

 Rudayna aliipindua karatasi ya ngazi, kushoto kukawa kulia, akaibandika tena.  Sasa boriti ililala juu ya ukuta, na pale ngazi zilipohama pakabaki uwazi wa kuingiza mwanga hadi sebuleni.

"Njoo uone! Haraka, bosi!"

Mzee alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaufuata mstari wa boriti kwa kidole, polepole, hadi mwisho. Kisha akacheka kicheko ambacho Rudayna hakuwahi kukisikia ofisini humo, akainua simu.

"Mkandarasi? Umeshakunywa kahawa? Basi kunywa na ya pili. Ngazi zinageuka."