Mwili Mmoja

"Nitamtoa damu mwenyewe," muuguzi alisema, akavuta pazia kabla daktari hajajibu.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa mumewe. Kiharusi kilikuwa kimemuua upande wa kulia na kumfunga ulimi. Ule mkono wa kulia, uliokuwa mwepesi mno wa makofi nyumbani, sasa ulilala juu ya shuka kama si wake.

Daktari alikuwa na shaka na moyo. Mashine ya picha ilikuwa imeharibika, na mgonjwa hakuweza kusema kama kifua kinambana. Ilibaki damu. Moyo ukielemewa huacha alama yake ndani ya damu, na maabara huweza kuipima.

"Ikiwa chini, moyo hauna neno, dawa za moyo hatumpi," daktari alisema kutoka upande wa pili wa pazia. "Ikiwa juu na tusimtibu, sista, tunamzika."

"Nakusikia, daktari."

"Basi mtoe taratibu. Ninyi ni mwili mmoja."

Muuguzi alitoka nyuma ya pazia akishusha mkono wa sweta yake, kichupa cha damu kikiwa bado na joto, jina la mumewe limeshaandikwa. Alikipeleka maabara mwenyewe, akapumzika mara mbili kwenye ngazi. Viatu vilimbana, kusimama zamu nzima si mchezo. Wenzake walimsifu: mke ni huyu, mwingine angeshakimbilia kwao. Hata alipowaambia kwamba usiku nyumbani hulalia mto wa mumewe juu ya ile yake miwili, walisema ni mapenzi hayo. Aliwaacha waseme. Subira huvuta heri, aliwajibu, na heri yake aliiona iko mlangoni.

Majibu yalipokuja, daktari aliyasoma, kisha akayarudia.

"Kiharusi chenyewe hupandisha kidogo. Lakini hii imepita kiasi. Moyo umechoka vibaya."

Muuguzi alishika chuma cha kitanda. "Haiwezekani."

"Pole, sista. Mwenye damu hii hata ngazi zinamshinda. Anahema, miguu inavimba, halali mpaka arundike mito." Daktari alifunua shuka, akabonyeza miguu ya mgonjwa, akakunja uso. "Ajabu, yake haijavimba. Tushukuru umewahi. Anaanza dawa leo. Bila dawa, mwenye damu hii mwaka haumalizi."

Akaondoka kwenda kuagiza dawa.

Mgonjwa alikuwa akimtazama mkewe, vilevile alivyomtazama nyuma ya pazia. Kwa ule mkono mmoja uliobaki mzima aliushika mkono wa sweta ya mkewe, akaupandisha polepole hadi kwenye kiwiko, akaweka kidole juu ya kipande cha pamba kilichobandikwa pale. Nusu ya mdomo wake ikacheka.