Mlezi wa Kashindye

Mfuniko wa sufuria uligongagonga kabla hakujapambazuka. Bi Nyamizi alikuwa akichemsha karanga za kumpelekea mjukuu wake Kashindye, yatima aliyesoma katika bweni la msaada.

Siku hizo wafadhili walimpa kila mtoto wa bwenini mashine ya kuwa mlezi wake, na aliyemlea mtoto ndiye aliyeifundisha. Bi Nyamizi aliifundisha ile ya Kashindye mwezi mzima: kumsuka bila kumvuta, kumpaka mafuta kifuani akikohoa, hata kumtania kwa kumwita "mke mwenzangu". Kisha aliombwa asifike kwa miaka miwili, ili mtoto, aliyekuwa bado mdogo sana, atulie.

Leo miaka hiyo ilikuwa imekwisha. Alipofika bwenini, matroni alimpokea mzigo kwa upole na kumpeleka uani. Kashindye alikuwa ameketi mbele ya mashine, akisukwa.

"Shikamoo," mtoto alisema.

"Marahaba, mke mwenzangu! Umekuwa mkubwa hivi!"

Kashindye alicheka. "Jamani, anayeniita hivyo ni bibi yangu tu."

"Mpe mgeni kiti, mke mwenzangu," mashine ikasema.

Ilikuwa sauti ya Bi Nyamizi mwenyewe, mpaka ule mkwaruzo wa kooni. Alitaka kusema, "Bibi yako ni mimi," lakini aliona vidole vya mashine vikipita kichwani taratibu, kama alivyovifundisha, na mtoto amefumba macho kwa raha. Akaketi kwenye kiti alicholetewa.

Jioni Kashindye alimsindikiza hadi getini, akapiga goti kwa adabu.

"Asante, bibi mgeni," alisema. "Uje tena kututembelea."