Popo Anaita Majina

Popo, karani wa mahakama, aliona kupaza sauti ni kujishusha. Aliita majina mlangoni kwa sauti nyembamba isiyosikiwa na yeyote asiye popo.

Nungunungu, aliyeporwa shimo na Fisi, alikaa mlangoni tangu alfajiri. Jioni akaambiwa kesi imefutwa.

"Nilikuwa hapahapa, mzee," alisema, miiba imemsimama.

"Niliita mara tatu. Asiyeitika hayupo."

Baadaye Fisi akapora pango la Popo. Popo akashtaki, akajiita kwa sauti ileile ya kazini, akaitika mwenyewe. Hakimu Kobe hakusikia kitu, akafuta kesi.

"Mheshimiwa, nipo," Popo akapiga kelele mpaka barabarani wakageuka.

"Kumbe sauti unayo," alisema Nungunungu, ambaye sasa analala kwenye benchi la mahakama.