Upande wa Mama

Daktari Ngure alipofungua bahasha, Mwongeli alishika kiti kwa mikono miwili.

Walikuwa wanne katika chumba kile cha hospitali mjini Kitui: daktari, Yvonne, aliyekatwa titi moja kwa saratani akiwa na miaka ishirini na tisa, mama yake, Muthoki, na Mwongeli, mdogo wake Muthoki, aliyetoka Zombe alfajiri ingawa hakuna aliyemwita.

Safari ya kwanza daktari alikuwa amewaeleza. Mwilini mna jeni zinazozuia chembe hai zisizaliane ovyo zikawa uvimbe. Moja ya Yvonne ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo hurithiwa kwa mzazi. Mzazi mwenyewe yuko hatarini, achunguzwe mapema. Nyamai, mumewe Muthoki, alikufa zamani. Ikatolewa damu ya Muthoki, ikapelekwa Nairobi.

Wiki tatu za kungoja majibu Mwongeli hakulala vizuri. Kanisani alisahau maneno ya nyimbo alizoifundisha kwaya mwenyewe. Kila akioga, vidole vilirudi palepale, karibu na kwapa la kushoto, penye kitu kigumu kama punje ya mbaazi. Hakumwambia mtu.

"Mama Yvonne, wewe uko sawa," daktari alisema. "Kasoro haiko kwako. Basi imetoka upande wa baba."

Akaongeza kwamba ndugu za Muthoki hawana haja ya kupimwa. Watafutwe wa marehemu Nyamai.

Muthoki alishukuru, akachukua mkoba, akasema watoke mapema wapate gari la kurudi nyumbani Migwani. Hakumtazama mdogo wake.

Yvonne ndiye aliyemkumbatia. "Angalau wewe uko salama, Anti."

Mwongeli alibaki kitini. Muthoki akamshika mkono kwa nguvu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba daktari ana wagonjwa wengine, waende.

Mwongeli akajinasua. Akakunja mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko, akauweka mezani mbele ya daktari.

"Nipime mimi," alisema. "Muthoki alimlea. Niliyemzaa ni mimi."