Uji wa Marehemu

Sungura aliweka bakuli la uji wa mtama kwenye kaburi la mama yake kila jioni, na asubuhi alilikuta tupu.

Kunguru akamcheka. "Marehemu yuko juu mbinguni, dada. Hanywi uji."

"Yuko chini na mababu," akabisha Fuko, "na hanywi vilevile."

Panya, ambaye ndiye aliyekuwa akiunywa, aliona riziki inamponyoka. "Anakunywa!" akadakia. "Mimi nimemwona kwa macho yangu!"

Sungura akatabasamu. "Jifute masharubu, jirani. Najua ni wewe. Mama hakuwa akigusa uji wake kabla hajakupelekea wako. Yuko wapi sasa, sijui. Ninachojua ni kwamba bado anakulisha."